Uchambuzi wa kisa: Kasuku aliyevunjwa mdomo na pangaboi, Mtwara

Mgonjwa ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Chiku, umri wake umepita miaka ishirini. Nyumbani kwake ni Shangani, Mtwara mjini, kwa mama mmoja mjane aliyeachiwa ndege huyu na marehemu mumewe pamoja na karatasi zake za kibali. Familia humwita dume. Sijabisha, maana kwa aina hii dume na jike huwezi kuwatenganisha kwa macho.

Karatasi nazitaja mapema kwa makusudi. Kasuku wa kijivu si wa huku kusini. Kwa Tanzania asili yao ni misitu ya Kagera, na tangu Januari 2017 wamo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ile yenye masharti makali kuliko zote. Wale wa kwetu wa Lindi na Mtwara ni wadogo, wa kijani, wenye kichwa cha kahawia, na wao pia ni wanyamapori kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Anayefuga bila kibali huogopa kubisha hodi kwa daktari. Hungoja, hujaribu dawa za jirani, na ndege anapofika mezani kwangu huwa amebaki mifupa. Mama huyu hakuwa na cha kuficha, akapiga simu papo hapo. Sehemu kubwa ya nafuu ya Chiku naihesabia hapo.

Ajali yenyewe

Umeme ulikatika jioni. Joto likapanda, mjukuu wa kidato cha pili akafungua madirisha, kisha akamfungulia Chiku tundu anyooshe mabawa sebuleni kama kawaida yake. Pangaboi lilikuwa limesimama. Swichi yake, hata hivyo, haikuzimwa na mtu, na kirungu cha kuongezea kasi kilikuwa namba tano. Chiku akaruka, akazunguka, akatua juu ya panga mojawapo. Umeme ukarudi.

Pangaboi halishiki kasi kwa mara moja, na ndiyo maana ndege huyu bado anakula. Panga alilokalia lilimtupa, lililofuata likampiga usoni likiwa bado linaanza kuzunguka. Lingekuwa limefikia mwendo wake, ningeandika habari nyingine.

Nyumba zinazofuga ndege wa kuachiwa nazifahamu kadhaa mjini hapa, na zote zina mazoea ya kuzima pangaboi kabla ya kufungua tundu. Hatari ambayo hakuna aliyeifikiria ni hii ya umeme kukatika: pangaboi lililosimama linaonekana limezimwa.

Nilichoelekeza kwa simu

Mjukuu alishika simu, bibi yake akamshika ndege. Jirani naye alishafika na kopo la kahawa ya unga, tayari kuimwagia kwenye damu, kama tunavyowafanyia watoto wakijikata. Nilimwomba aiweke kando. Kahawa ni sumu kwa ndege, na kidonda chenyewe kiko mdomoni, atakachopakwa atakimeza.

Damu ya kasuku ni takriban asilimia kumi ya uzito wake. Ndege wa gramu 420 ana mililita 42 hivi, kama vijiko nane vya chai kwa mwili mzima. Akipoteza kimoja akiwa na afya atavumilia. Vikifika viwili au vitatu uko ukingoni. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa damu inadondoka au inachuruzika. Ikawa inachuruzika. Nikaelekeza wachukue kornflawa ya jikoni, waiweke kidogo kwenye kitambaa safi, wabane pale penye jeraha kwa dakika chache bila kuchungulia kila mara, na matundu ya pua yaachwe wazi.

La pili lilikuwa jinsi ya kumshika, maana hapa ndege wengi hufia mikononi mwa watu wema. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha kidari, na ukimkumbatia kifuani kwa nguvu unamziba pumzi huku ukidhani unamtuliza. Kichwa kishikwe pande mbili za mataya kwa vidole, mwili ufungwe kanga kwa ulegevu, kidari kibaki huru. Damu ilipokata wamweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo ikae upande mmoja, taa izimwe. Ilikuwa Julai, msimu wa kusi, na usiku wa Mtwara miezi hiyo huweza kushuka karibu na nyuzi 20. Ndege aliyeumia anataka kama 30.

Jeraha kwa karibu

Nilipofika niliomba nionyeshwe kwanza kipande kilichokatika. Kilikuwa chini ya meza ya televisheni, cheusi, kimepinda kama ukucha wa paka. Ukikipata kipande usikitupe, ndicho kinachokueleza yajayo. Mdomo wa kasuku nje ni keratini, kitu kile kile cha kucha zetu. Chini yake kuna tabaka jembamba hai lenye damu na neva, na ndani kabisa kuna mfupa. Keratini ikibanduka peke yake huota tena kutoka kwenye tabaka lile. Mfupa wa ncha ukienda haurudi. Nilikigeuza kipande kwenye mwanga wa simu: ndani mlikuwa na kishina cheupe cha mfupa, urefu wa punje ya mchele.

Kwa hiyo usiku ule ule nilishajua kwamba ncha ya Chiku haitarudi kama ilivyokuwa. Sikuisema. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akipangusa vidole damu kwa upande wa khanga yake, na kulikuwa na mambo ya haraka zaidi.

Chiku mwenyewe alisimama kwa miguu yake. Macho yote mawili yaliitikia mwanga, kwa hiyo ubongo ulionekana kunusurika. Mdomo wa chini ulikuwa mzima. Wa juu ulipungua karibu theluthi, na kutoka pale ulipokatikia ufa mmoja ulipanda upande wa kushoto kuelekea puani, ukaishia kabla ya kuifikia. Nilimfungua mdomo taratibu nione kama kiungio cha juu kinacheza. Kwa kasuku mdomo wa juu una bawaba yake kwenye fuvu. Huinuka wenyewe, haungoji wa chini tu ushuke. Kiungio kikiharibika, kazi huwa ngumu mara mbili. Kilikuwa salama. Ufa ndio ulionisumbua: kila alipouma kitambaa ulifunguka kidogo, ukafumba.

Ndani ya saa ile nilipokea ushauri wa gundi kutoka kwa watu watatu tofauti, mmoja wao akiwa na kichupa mfukoni. Nikakataa. Gundi juu ya kidonda kibichi hufungia uchafu ndani, na usaha ukianza huuoni mpaka mfupa uanze kuoza.

Dawa, na moja ya kuiogopa

Hakuna kliniki ya ndege Mtwara. Kazi yangu ya kila siku ni kuku, mbuzi na ng'ombe, na kasuku si kuku mwenye rangi. Vipimo vya dawa nilivipata kwa simu kutoka kwa mwenzangu tuliyesoma naye SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambaye ndege wa kufugwa amewahudumia kuliko mimi. Sitaviandika hapa. Vinahesabiwa kwa uzito na hali ya ndege huyo mmoja, na mtu atavinakili kwa ndege mwingine.

Tulimpa meloksikamu ya maumivu, na kiuavijasumu kwa sababu mfupa ulikuwa wazi, vyote kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ile dawa ya kuku ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, ambayo kila duka la pembejeo linayo, haimfai mgonjwa wa namna hii. Kasuku mwenye maumivu hunywa matone. Utajuaje amepata kiasi gani?

Ya kuogopa ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya watu. Mama alikuwa na vidonge vyake vya magoti kabatini na aliniuliza kwa nia njema kabisa, "Dokta, na mimi si hii hii inanituliza? Nimvunjie robo?" Nilimsimulia habari ya tai wa India, Pakistan na Nepal. Tangu miaka ya 1990 walikufa kwa mamilioni, baadhi ya aina zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90, kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa diklofenaki. Figo zao zilikufa. Mwaka 2006 nchi hizo zilianza kuipiga marufuku kwa mifugo, na dawa iliyopendekezwa mahali pake ikawa meloksikamu hiyo hiyo aliyopewa Chiku. Mama akasema, "Basi mwanangu, yangu nitakunywa mwenyewe."

Tumbo kabla ya mdomo

Hapa ndipo kisa kilipoamuliwa. Kila aliyekuja kumjulia hali Chiku alitazama mdomo. Mjukuu nilimpa kazi ya kutazama namba: kila asubuhi, kabla ya chakula, ndege akae kwenye bakuli juu ya mzani wa jikoni, uzito wa bakuli utolewe, gramu ziandikwe kwenye daftari. Mdomo uliovunjika unaweza kungoja wiki. Kasuku asiyekula hana wiki.

Kipimo cha kwanza kilikuwa gramu 418. Mwenzangu wa Morogoro alinipa mstari: akipungua asilimia kumi, yaani akigusa 376, tusingoje tena hiari yake, alishwe kwa mrija mpaka tumboni. Sikuitaka siku hiyo ifike, kwa sababu mrija mikononi mwa asiye na uzoefu huingia njia ya pumzi.

Siku za mwanzo hakugusa kitu. Bakuli lake la alizeti lilijaa vile vile. Ncha ya mdomo wa kasuku imejaa neva za kugusia, na kubangua mbegu ni kugandamiza pale pale penye jeraha. Tukaanza uji mwepesi wa unga wa mahindi na yai la kuchemsha lililopondwa, kwa bomba. Bomba huingia upande wa kushoto wa mdomo wake likielekea kulia, kwa sababu njia ya chakula hulala kulia mwa shingo. Tone kwa tone, ameze, upumzike. Uji uwe wa nyuzi 39 au 40 kwa kipimajoto. Kidole hudanganya: uji ambao kwako ni vuguvugu zuri unaweza kuunguza kile kifuko cha chakula chini ya shingo yake, na ukipoa sana hukaa humo ukachacha.

Uzito ukashuka kila asubuhi hadi 384. Gramu nane tu juu ya mstari.

Aliyetutoa hapo ni yule mjukuu, na kilichotutoa ni korosho. Chiku alikuwa mlaji wa korosho tangu zamani. Kijana akachukua za kukaanga zisizo na chumvi, akazitwanga kwenye kinu cha vitunguu mpaka zikatoa mafuta na kuwa laini, akapaka mgongoni mwa kijiko, akakisogeza karibu. Ndege akatoa ulimi akaramba. Ulimi wa kasuku ni mnene, una nguvu, na wenyewe ulikuwa mzima. Ndivyo tulivyogundua kwamba njaa ilikuwapo siku zote, alikosa namna. Kwenye bakuli la kina kirefu ilimlazimu achokoe kwa ncha; kwenye kijiko au sahani bapa alikokota kwa mdomo wa chini na kumalizia kwa ulimi. Tukatupa bakuli. Chakula kikawa kinabandikwa ukingoni mwa sahani ya bati: boga la kuchemsha, viazi lishe, mchicha uliokatwakatwa, na korosho kidogo juu kama chambo. Siku chache baadaye daftari lilisoma 397, na bomba likabaki la dawa tu.

Kwa anayesoma akiwa mitaa yenye korosho: nasema iliyokaangwa na kubanguliwa vizuri. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochubua, wabanguaji wanayajua kwa vidole vyao. Kasuku akilipasua ganda hilo mdomo wake wa ndani utaungua hata kama wa nje ni mzima. Parachichi nalo lisikaribie tundu kabisa.

Chakula cha zamani cha Chiku, alizeti na korosho na ubwabwa, kilikuwa na kasoro ambayo ajali iliifichua. Mbegu hazina vitamini A ya kutosha, na keratini bila vitamini hiyo huwa dhaifu, huchambuka. Kasuku wa kijivu tena wanajulikana kwa upungufu wa kalsiamu. Boga na viazi lishe viliziba la kwanza. La pili tulilizibia ufukweni: ule mfupa mweupe wa ngisi unaosukumwa na mawimbi, ukaoshwa, ukaloweshwa, ukakaushwa juani. Ndege mzima huutafuna mwenyewe. Wa kwetu alikwanguliwa kwa kisu, unga wake ukanyunyizwa kwenye boga.

Jambo moja dogo linalosahaulika: kasuku hupanda kwa mdomo. Ni mguu wake wa tatu. Chiku aliporudishwa tunduni mara ya kwanza alijaribu kushika waya kwa ncha isiyokuwapo, akaanguka kwa mgongo. Vijiti vyote vikashushwa karibu na sakafu, sakafu ikatandikwa taulo kuukuu.

Ufa na daktari wa meno

Kidonda kilioshwa kila siku kwa maji ya dripu, mpaka pale mfupa ulipokuwa wazi pakafunikwa na ngozi mpya, kavu, isiyo na harufu. Ndipo tuliporudi kwenye ufa. Ulikuwa haujapanda, lakini bado ulicheza, na kadiri alivyopata nguvu ndivyo alivyouma zaidi.

Kulikuwa na rai ya kumpeleka Morogoro. Mtwara hadi Dar es Salaam peke yake ni kilomita zaidi ya 550, kisha uendelee, na ndege aliyetoka kupoteza gramu zake anakaa ndani ya boksi kwenye basi. Niliona safari ni hatari kuliko ufa. Daktari mmoja wa meno hapa mjini, wa binadamu, alikubali kuja nyumbani na rezini ya kuzibia meno pamoja na taa yake ya bluu. Nilisisitiza aina inayokauka kwa taa, ipakwe nyembamba, tabaka kwa tabaka. Ile ya kuchanganya unga na kimiminika chake hutoa joto kali inapoganda, na chini ya keratini kuna nyama hai. Dawa ya usingizi hatukumpa. Vifaa vya kuisimamia kwa ndege sikuwa navyo. Tulikubaliana kwamba akianza kuhema mdomo wazi tunaacha papo hapo, kazi iwe imefika popote. Alipewa ya maumivu mapema, akafungwa kanga, macho yakafunikwa. Daktari alisugua keratini kwa msasa laini ili rezini ishike, akapaka, akawasha taa. Chiku alinguruma mwanzo mwisho. Hakuhema.

Kiraka hicho si cha milele, na mwenye ndege anapaswa kuambiwa mapema asije akashtuka. Keratini husogea kutoka juu kwenda kwenye ncha, na kiraka husafiri nayo mpaka kitoke. Cha Chiku kilianza kuachia baada ya wiki kadhaa, na chini yake ufa ulikuwa umeshuka pamoja na keratini ya zamani, nyuma yake umefuatwa na mdomo mzima.

Mama aliwahi kunionyesha kwenye simu ya mjukuu yule ndege wa Costa Rica mwenye mdomo mkubwa, Grecia, aliyewekewa mdomo wa bandia uliotengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya umbo kamili (3D). "Wa kwetu je?" Nilimweleza kwamba Grecia alipoteza sehemu kubwa ya mdomo wa juu, na kwamba mdomo wa kasuku hubana kwa nguvu zinazong'oa vitu vya bandia mara kwa mara. Nikamtajia Bruce wa New Zealand, kasuku wa aina ya kea asiye na mdomo wa juu kabisa. Mwaka 2021 watafiti waliandika jinsi anavyookota kijiwe, akakishikilia kati ya ulimi na mdomo wa chini, na kujisafishia manyoya. Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu kile kishina cha mfupa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama Bruce ananenepa.

Kuhusu kusema: kimya cha Chiku kiliisumbua nyumba kuliko damu. Alikuwa na "hodi" yake ya sauti nzito, na kila mgeni aliitarajia. Sauti ya ndege hutoka chini ya koo, mahali ambapo njia ya pumzi hugawanyika kwenda mapafuni, kwa hiyo mdomo kukatika hakumfanyi bubu. Kimya kilitokana na maumivu na hofu. Alianza kupiga mluzi alipovuka gramu 405, "hodi" ikafuata baadaye, na familia ikachinja jogoo. Mimi nilifurahia zaidi ile 405.

Hali ilivyo sasa

Uzito umekaa kati ya 421 na 426. Mdomo wa juu umeshuka ukawa na ukingo butu, mfupi kuliko zamani. Alizeti anabangua kwa upande badala ya ncha, polepole. Maembe hayamshindi.

Kazi iliyobaki ni ya mdomo wa chini. Kwa kawaida wa juu na wa chini husagana ikapunguzana. Wa chini wa Chiku umekosa mwenzake wa kusagana naye pale mbele na unarefuka kama koleo, na ukiachwa utamzuia kufumba. Mjukuu nimemfundisha kuupunguza kwa tupa ya kucha, kidogo kidogo kila baada ya wiki chache: bibi anamshika ndege ndani ya kanga, kidari huru, kijana anasugua kutoka nje kwenda ndani ili keratini isipasuke, na akianza kuona wekundu kwa ndani anaacha hapo hapo. Kornflawa inakaa kwenye kikombe pembeni. Na kabla tundu halijafunguliwa, kirungu cha pangaboi kinarudishwa sifuri, umeme uwepo usiwepo.